Maksai Asiye na Karatasi

Kesi ya kwanza niliyoshinda haikuwa mahakamani. Niliishinda nyumbani kwetu Shinyalu, chini ya turubai la kukodi, siku ya kunyoa baada ya mazishi ya baba. Niliyemshinda alikuwa mzee jirani, ng'ambo ya kijito, ambaye hakuwa na wakili, hakuwa na karatasi, wala hakuonyesha hasira.

Kwetu mtu akishazikwa mambo hayaishi pale pale. Siku chache baadaye ukoo hukutana tena, waliofiwa hunyolewa nywele, kisha mwenyekiti wa kikao husimama na kuuliza maswali mawili. La kwanza: nani alikuwa anamdai marehemu? La pili: marehemu alikuwa anamdai nani? Mwenye jambo husimama akalisema mbele ya watu wote. Ukinyamaza siku hiyo, halafu uje mwezi ujao na madai yako, watu watakuuliza ulikuwa wapi. Desturi hiyo nilikuwa nimeiona tangu utotoni, nikiwa nimeketi nyuma na akina mama, na hata siku moja sikuwahi kuiita sheria. Sheria niliijua mimi, niliyeisomea Nairobi na kuapishwa kuwa wakili mwaka mmoja tu kabla.

Kaka zangu wakanisukuma mbele. "Wewe ndiye wakili," wakasema. "Utujibie." Kwa kawaida binti hakuwa na la kusema katika kikao kile, kwa hiyo nilisimama na kitambaa changu cheusi kichwani na nikajiona mtu mkubwa. Naona haya kuandika hivi, baba akiwa ndiyo kwanza amezikwa, lakini nilifurahi.

Wa kwanza alidai bei ya magunia mawili ya mahindi, tukakubali, kwa sababu mama alikuwa ametuambia mapema habari za deni hilo. Wa pili alikuwa yule mzee jirani.

"Mimi nilikuwa nadai baba yenu ng'ombe moja," alisema. "Ile ya kulima. Alisema mavuno ikitoka ataninunulia ingine. Alikuwa anakujanga kwangu kusema hajasahau. Halafu akaanza kugonjeka."

"Mzee," nikasema, "kuna karatasi yoyote mliyoandikiana?"

"Karatasi hapana."

"Basi kuna shahidi?"

Akanitazama kwa muda. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaketi, akaivuta kofia yake na kuiweka juu ya goti. Mwenyekiti akakohoa, akauliza kama kuna mwingine, na hakukuwa na mwingine. Mama alikuwa ndani na wajane wenzake na hakuyasikia hayo. Kaka yangu mkubwa akanipiga begani taratibu, kunipongeza. Watu walikuwa wamenyamaza kimya, nami nikadhani ni heshima.

Baada ya hapo nilirudi mjini Kakamega kuendelea na kazi. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Amalemba, na asubuhi nilitembea hadi ofisini, orofa ya juu ya duka la magodoro. Mwenye ofisi alikuwa wakili mzee aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, na kazi yetu kubwa ilikuwa madeni. Miaka ile ya tisini biashara zilikuwa zikifunguliwa kwa vipaza sauti na soda za bure, na mwaka wa tatu zinafungwa kimyakimya. Mkulima alipeleka miwa kiwandani, akakaa miezi bila malipo. Asipolipwa yeye, hakumlipa mwenye duka. Mwenye duka hakumlipa mwenye ghala la jumla, naye hakuilipa benki. Mwisho wa mstari huo nilikuwa nimeketi mimi na taipureta.

Mwajiri wangu alipenda methali mbili. Mteja akija na mfuko wa risiti zilizoloa, alimwambia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mdaiwa akija kuomba muda, alimwambia, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Nilizishika zote mbili na kuzitumia kuliko yeye.

Na nilikuwa hodari, sitajishusha hapa kwa unyenyekevu wa uongo. Barua yangu ya madai ilikuwa fupi na kali. Sikutaka kusikia habari za mtoto mgonjwa, wala gari lililokwama matopeni, wala kiwanda kilichochelewesha pesa. Mtu akianza hadithi nilimkatiza: "Karatasi iko wapi?" Dalali wetu alikuwa na pikapu kuukuu, na mara nyingine niliandamana naye ili kuhakikisha mambo yanakwenda kisheria. Niliona mashine ya kusaga ikitolewa ikiwa bado na unga kwenye mdomo wake. Siku moja tulibeba tanuri la mkate likiwa lina joto, na mwoka mikate akatukimbilia kutuonyesha namna ya kulishika tusiungue. Nililala vibaya usiku ule, kisha asubuhi nikaandika barua nyingine.

Halafu likaja faili la Navakholo.

Mdaiwa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi sokoni: mabati, misumari, saruji, rangi. Kando yake alikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Alikuwa amechukua mkopo mkubwa benki akaweka dhamana shamba lake lote, nyumba ikiwemo. Aliacha kulipa, barua zikatumwa, mnada ukakaribia kutangazwa, na hapo akafa. Shinikizo la damu, walisema. Meneja wa benki alinipigia simu juma lile lile. Hakuwa mtu wa mkoa wetu, na alikuwa na haraka zake.

"Kifo hakifuti dhamana, wakili," aliniambia. "Uza."

Alisema kweli. Lakini nilitaka kwanza kujua nani angesimamia mirathi, ili mnada usije kupingwa mahakamani kwa kosa dogo la notisi. Karani wetu, mwenyeji wa Navakholo, akanishauri niende siku ya kunyoa, kwa maana siku hiyo ningewakuta wote mahali pamoja. Niliona ni ushauri mzuri wa kuokoa nauli. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Nilifika na faili langu la kahawia. Watu walikuwa wengi, wakiwa wameketi kwenye viti vya kanisa na magogo, na kaburi lilikuwa bado bichi kando ya mgomba. Mjane, mwanamke wa makamo, alikuwa ameshanyolewa, na kichwa chake kiling'aa kwa mafuta. Nilikusudia kusubiri hadi kikao kiishe, nimwite pembeni, nimpe notisi, niondoke. Lakini mwenyekiti aliniona.

"Huyu mama wa faili," alisema, "anadai ama anadaiwa?"

Watu wakacheka kidogo. Sikuwa na pa kujificha. Nikasimama, nikasema natoka kwa mawakili wa benki, na marehemu alikuwa na deni, na shamba hili ndilo dhamana. Nilitaja kiasi. Nilisikia pumzi za watu zikipanda. Mjane aliweka mkono kinywani, na hapo nikajua kuwa hakuwahi kuambiwa.

Nilitarajia matusi. Dalali alikuwa ameshanionya kuhusu mawe. Lakini mwenyekiti alinitazama tu, akasema, "Tumesikia. Kaa chini, mama." Kisha akaita mwingine.

Mwingine huyo alikuwa fundi wa paa mwenye kovu shavuni. Alisema marehemu alikufa kabla ya kumlipa kazi ya stoo. Nikaona mdomo wangu unataka kuuliza. Nilijua swali, lilikuwa tayari ulimini. Kabla sijalitoa, mjane akanyanyuka.

"Hiyo mimi sikujua," alisema. "Lakini wewe umesimama mbele ya kaburi yake na umesema. Tutalipa."

Fundi akashukuru, akaketi. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Nami pale kwenye kiti cha kanisa nilimwona akilini jirani yetu wa Shinyalu akiivuta kofia yake na kuiweka juu ya goti. Uso ulinichoma. Nilifungua faili nikajidai natafuta kitu.

Mwenyekiti akauliza swali la pili: marehemu alikuwa anamdai nani? Nilidhani hapo ndipo watu watakapoangalia viatu vyao. Badala yake mtu mmoja akasimama kutoka nyuma. "Mimi nilichukua mabati kwake, ya nyumba mzima. Nilikuwa nangojanga pesa ya miwa." Akasimama mwingine: saruji ya kisima. Mwanamke mmoja alikuwa amesagiwa mahindi msimu mzima bila kulipa, akataja magunia moja moja, na jirani yake akamkumbusha moja alilolisahau. Mwalimu mmoja alitaja rangi ya shule. Hakuna aliyelazimishwa. Marehemu hakuwa ameandika lolote. Daftari lake lilikuwa limeketi pale kwenye magogo, na lilikuwa likijisoma lenyewe.

Nikageuza faili la benki, na kwenye jalada la nyuma nikaanza kuandika: jina la mtu, alichochukua, alichoahidi. Niliandika mpaka wino ukaanza kufifia. Nilipojumlisha, niliona kuwa mtu yule hakuwa amefilisika. Alikuwa ameikopesha Navakholo nzima, basi.

Notisi ya mnada ilibaki mkobani. Najua wenzangu wa taaluma watanikunjia uso, maana nililipwa na benki, si na mjane. Kesho yake nilimpelekea meneja lile jalada.

"Hii nini?" aliuliza. "Unaniletea orodha ya matanga?"

"Ni mali ya mdaiwa wako," nikamwambia. "Ni nyingi kuliko deni lako."

"Wametia sahihi?"

"Hawajatia."

Akacheka, na kicheko kile nilikifahamu, kwa sababu kilikuwa changu. Hasira ikanipanda, nikamwambia mambo mawili ambayo hakuyajua, yeye mgeni. Kwanza, shamba lenye kaburi bichi halina mnunuzi Navakholo nzima. Dalali angepiga kengele mpaka mkono uchoke, na atakayenyanyua kidole angekuwa amejitafutia uadui wa ukoo mzima kwa bei ya chini. Pili, watu wale walikuwa wamesema siku ya kunyoa, na mtu wa kwetu anaweza kumkwepa mkusanya kodi, anaweza kumkwepa hata mchungaji, lakini neno la siku ile atapata taabu kulikwepa. Akaniuliza kama niko tayari kuliandika hilo katika barua ya ofisi. Nikaliandika, nikatia sahihi. Mwajiri wangu alipoiona nakala alivua koti lake kwa mara ya kwanza, akaniambia mambo yakiharibika nitafute ofisi nyingine.

Benki ikakubali ratiba mpya ya malipo, kwa muda wa msimu mmoja na jicho likiwa wazi. Mjane aliteuliwa na mahakama kusimamia mirathi. Alikiuza kinu mwenyewe, kwa bei ya kuuza na si ya kunyang'anywa, na duka akalibakisha. Pesa za miwa zilipotoka, watu walikwenda kulipa, mwenye mabati akiwa wa kwanza. Si wote. Mmoja alihamia Kitale, na mwalimu wa rangi alilipa nusu akanuna. Lakini shamba halikuuzwa. Meneja aliniletea mafaili mengine, akitaka niyafanyie "ile dawa yako ya matanga." Nilimwambia dawa hiyo haitengenezwi ofisini.

Ningependa kusema kuwa nilikwenda Shinyalu juma lile lile. Sikwenda. Nilikaa karibu mwaka mzima nikitafuta sababu. Hatimaye nilinunua maksai kijana, mwekundu, mwenye mabega, nikampeleka nyumbani kwa mama, kisha nikavuka kijito peke yangu.

Mzee alikuwa anachambua maharagwe uani. Ukutani mwa jiko ilikuwa imetundikwa nira ya ng'ombe wawili, na mavumbi yameifunika. Maksai aliyekuwa amebaki naye alikuwa amefungwa chini ya mparachichi, mzee tayari. Mtu hulima na maksai wawili. Ukibaki na mmoja, unabaki na mdomo wa kulisha. Hilo nalijua tangu utoto, na siku ile ya baba sikulikumbuka hata kidogo.

"Mulembe, baba," nilimsalimia.

"Mulembe, mwanangu. Kaa."

Nikamwambia nimekuja kulipa ng'ombe wake. Nilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Hakuacha kuchambua maharagwe.

"Uliniuliza kama shahidi iko," alisema.

"Niliuliza, baba. Nisamehe."

"Wewe unajua ile ng'ombe ilienda wapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimedhani aliuzwa kwa ajili ya dawa au karo.

"Siku ile ulikuja na lile joho yako nyeusi kutoka Nairobi, baba yako aliita watu yote. Hakuwa na kitu ya kuchinja. Alikuja hapa asubuhi, giza bado iko. Akasema, mtoto wetu amekuwa wakili, watu wataona ugali na mboga pekee? Nikafungua ng'ombe nikampa. Mimi pia nilikuja. Nilikula." Akapuliza maganda. "Shahidi ilikuwa wewe. Lakini niliona si vizuri kuambia mtoto mbele ya kaburi ya baba yake."

Nilikumbuka karamu ile. Nilimkumbuka baba akipenya kati ya watu na sahani ndogo, ini la kwanza kutoka motoni, akikataa kumpa mtu yeyote mpaka aniletee mimi. Nililia pale uani, na mzee akaniacha nilie. Mkewe alitoka jikoni, akatazama, akarudi ndani.

Nilipopata sauti nilimwambia maksai yuko ng'ambo, kwa mama, nimlete sasa hivi.

"Hapana."

"Kwa nini, baba?"

"Ulikataa mbele ya watu. Sasa unataka kulipa nyuma ya nyumba?"

Nikamwomba. Nikamwambia nitaongeza na ndama. Nilifanya yote ambayo wadaiwa wangu walikuwa wakinifanyia ofisini, na yeye alikuwa mgumu kuliko nilivyowahi kuwa mimi, ila hakunipandishia sauti. Kikao cha baba kilikuwa kimefungwa, alisema, na hakifunguliwi tena.

"Basi nifanye nini?"

"Ngoja yangu," alisema. "Hata mimi nitakufa. Wataita watu."

Hivyo ndivyo nilivyokaa na deni ambalo mwenyewe alikataa kulipokea, mimi niliyekuwa nikila kwa kulipisha. Lakini mzee hakuwa mjinga wa kuacha shamba lake lilale. Msimu wa kulima ulipofika, mama aliniambia, mzee alivuka kijito asubuhi akaomba kuazima yule maksai mwekundu. Akamfunga nira moja na yule maksai wake mzee, akalima, na jioni akamrudisha kwa mama na fungu la mboga za sukuma. Kuazima ni kuazima, alisema. Alifanya hivyo misimu mitatu.

Alikufa mwaka wa ile mvua kubwa iliyobeba madaraja. Barabara ya Shinyalu ilikuwa uji. Siku ya kunyoa nilivua viatu nikatembea pekupeku, nikafika na tope hadi magotini, nikaketi nyuma na akina mama. Turubai lilikuwa linavuja. Mwenyekiti aliuliza swali la kwanza, wakasimama wawili. Akauliza la pili.

Nilisimama. Nikasema kuwa baba yangu alichukua maksai mmoja wa mzee, na kuwa deni hilo lililetwa kwetu siku ya kumnyolea baba, na kuwa mimi ndiye niliyelikataa. Nikasema maksai yuko nje, amefungwa langoni.

Mwanawe mkubwa, ambaye siku ile ya baba alikuwa ameketi kando ya mzee, alinyanyuka polepole. Alikuwa na kichwa kilichonyolewa na macho mekundu. Aliniangalia kwa muda, kama baba yake alivyoniangalia.

"Karatasi iko?" akauliza.

Hakuna aliyecheka.

"Hakuna," nikasema.

"Na shahidi?"

"Shahidi ni mimi," nikasema. "Nilikula."